Dhambi ya Kuazima

Mama mwenzangu, kama una watoto wawili na mmoja wao ameomba kubatizwa, soma haya kabla hujaanza kumtafutia kitambaa cheupe. Shule yangu iliishia ya msingi, na mwandiko wangu unapanda na kushuka, lakini jambo hili limetokea ndani ya nyumba yangu. Sikusimuliwa na mtu.

Nina mabinti wawili. Wa kwanza watu wanamwita Redio, kwa sababu ukimwamsha ameshaanza kusema, na ukizima taa bado anasema. Anasuka nywele saluni, na mdomo ule ndio unaomjazia wateja, maana wengine wakishasukwa hawaondoki, wanakaa tu kumsikiliza. Kanisani yuko kwaya, mstari wa mbele, na wimbo ukiwa na sehemu ya mtu mmoja, mtu huyo ni yeye. Mdogo wake wanamwita Kimya. Huyo anafanya kazi na mimi. Mimi ni dobi, nafua na kupiga pasi nguo za watu. Chumba cha mbele kina meza mbili za pasi na kamba zimepita juu kwa juu, kiasi kwamba mteja mrefu huingia kwa kuinama kama anaomba radhi. Chumba cha nyuma ndiko tunakolala. Kimya anaweza kupiga pasi tangu asubuhi mpaka mchana asiseme zaidi ya "Mama, maji," akitaka kunyunyizia kola.

Tangu wakiwa wadogo, Redio hakupenda kupitwa. Nikimnunulia Kimya viatu, miguu ya Redio inaanza kuuma. Kimya akiugua homa, Redio naye anajigusa paji la uso na kulalamika kwamba linawaka. Baba yao, ambaye ni dereva wa malori na nyumbani huja kama mgeni, alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Na mimi nilicheka. Mama mwenzangu, kichekesho cha namna hiyo usikicheke. Kinakua pamoja na mtoto.

Kwenye kanisa letu hatubatizi watoto wachanga. Mtu huomba mwenyewe akishajitambua. Anaingia darasa la ubatizo, kisha siku moja anasimama mbele ya mchungaji na wazee, anaeleza amefikaje hapo. Akimaliza, mtu wa nyumbani kwake anainuka na kuulizwa swali moja: "Nyumbani mmeona nini?" Nyumbani wasipojibu, haingii majini hata awe ameshika maandiko yote. Ndivyo ulivyo utaratibu wetu, na niliuona mwepesi mpaka zamu yangu ilipofika.

Mwalimu wa darasa hilo ni jirani yetu, fundi cherehani, mjane wa makamo. Tunatenganishwa na ukuta wa mbao tu. Akipiga cherehani, chupa yangu ya maji ya kunyunyizia inatetemeka mezani. Siku moja nimetoka kuanika, narudi nakuta Fundi amemsimamisha Kimya katikati ya chumba changu anampima mabega.

"Anapimiwa nini?" nikauliza.

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akaniangalia. "Gauni la ubatizo. Kumbe hajakuambia?"

Hilo *kumbe* lilinikaa kooni siku nzima. Mimi niliyembeba tumboni, habari za roho yake naletewa na mtu mwenye pini mdomoni. Fundi alipoondoka nikamgeukia mwanangu.

"Kwa nini ulimwambia Fundi kabla yangu?"

"Fundi aliniuliza, Mama."

"Na mimi je?"

"Wewe huwa unaniuliza kama shati limekauka."

Hakusema kwa ubaya. Kimya hana ubaya. Lakini tangu siku hiyo cherehani ya jirani ikilia, mimi napiga pasi kwa nguvu zaidi.

Jumapili iliyofuata habari zikaenea. Miaka yote hii watu wameniita Mama Redio, kwa mtoto wangu wa kwanza, kama inavyotakiwa. Siku hiyo tukitoka ibadani, kina mama wakanizunguka getini. "Hongera Mama Kimya. Mama Kimya, mtoto wako ametulia yule, ana neno ndani." Redio alikuwa nyuma yangu, bado amevaa joho la kwaya. Nilimsikia akivuta pumzi. Kisha njia nzima ya kurudi nyumbani hakusema kitu, na majirani wawili waliniuliza kama mtoto anaumwa.

Jioni yake, Kimya akiwa nje anaanua nguo, Redio akaweka kikombe cha chai chini.

"Na mimi nabatizwa."

"Umeanza kutaka lini?"

"Kwani kutaka kuna foleni, Mama?"

"Nauliza tu."

"Mimi ndiye mkubwa. Haiwezekani mdogo atangulie majini, mimi nimesimama pembeni namwimbia kama mfanyakazi wake. Watu watasema nini? Kwaya yote nimeibeba mimi. Yeye hata kwenye *Amina* hasikiki."

Basi akaingia darasani, amechelewa lakini kwa kishindo. Mafungu ya maandiko aliyashika kama anavyoshika nyimbo. Alikuwa anayasema akisuka watu, wateja wakaanza kuyajua. Fundi akaja dirishani kwangu.

"Mama Redio, huyu binti ananijibu kabla sijamaliza kuuliza."

"Ana akili," nikasema.

"Akili anayo. Jana nilimuuliza anamtaka Yesu kwa lipi. Akanijibu kwa mistari mitatu, mizuri sana. Nikamuuliza tena, taratibu. Akanirudia mistari ileile."

Nikaona anamwonea mwanangu. Mmoja keshamchukua, huyu wa pili anamtia kasoro. Nikamwambia nina nguo za watu, nikafunga dirisha.

Sasa nikueleze habari ya shati, maana bila hiyo hutaelewa yaliyofuata. Kabla ya haya yote, karani mmoja, mteja wetu, alileta fungu la nguo, ndani yake kukiwa na shati jeupe la kwenda nalo kwenye shughuli kubwa ya kikazi. Kimya akaliunguza mgongoni, alama nzima ya pasi. Akaogopa. Akalikunja, akalificha chini ya godoro, na karani alipokuja akamwambia halikuwemo kwenye fungu. Mimi sikujua. Yule karani akarudi kwake akamkasirikia mkewe kwamba amepoteza shati, maneno yakawa maneno, mpaka mke akafungasha akaenda kwa dada yake. Kimya akazisikia habari hizo dukani. Siku kadhaa hakula vizuri. Kisha akalichukua lile shati, akaenda nalo nyumbani kwa karani peke yake, akasema, "Ni mimi niliyeliunguza." Mimi nilijua alipokuja naye mlangoni, karani ameshika shati, Kimya macho mekundu. Yaliyokuwa yakiendelea moyoni mwake hakuniambia. Alimwambia Fundi.

Na alipokuwa akimwambia Fundi, mlango wa Fundi ulikuwa wazi kidogo. Nilikuwa napita na beseni nikamkuta Redio amesimama pale nje, kichwa kimeinama kama anayetafuta hereni iliyoanguka.

"Umepoteza nini?"

"Sijapoteza kitu, Mama."

Usiku wa kuamkia mahojiano alikuwa anajipaka mafuta miguuni, akasema, "Mama, mimi sina cha kusimulia. Nimefanya nini kibaya? Watu wananipenda."

"Kila mtu ana lake," nikamwambia.

"La Kimya ni zuri."

"Zuri? Alikaribia kuvunja ndoa ya watu."

"Lakini ukilisikia unalia," akasema. Akaendelea kujipaka mafuta.

Kesho yake tukaenda. Ni chumba cha nyuma ya kanisa, mabenchi yamepangwa pande tatu, meza moja mbele. Mchungaji alikaa katikati, wazee wawili kushoto na kulia, Fundi pembeni yao. Watu walikuja wengi, kwa sababu Redio ni Redio. Mchungaji akauliza nani anaanza.

"Mimi ndiye mkubwa," Redio akasema, ameshasimama.

Akaanza. "Wapendwa, mimi nafanya kazi ya kusuka, lakini nyumbani kwetu sisi ni madobi, na ninamsaidia mama yangu. Siku moja nilikuwa napiga pasi shati la mteja..."

Redio hajashika pasi tangu aanze saluni. Akaendelea, neno kwa neno: alama ya pasi, godoro, karani, mke kufungasha. Alivyoshindwa kula. Alivyokuwa akipiga magoti akashindwa kuomba kwa sababu kila akifumba macho anaona lile shati. Hilo la magoti mimi mwenyewe nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza, na nilijua limetoka wapi. Sauti yake ikapanda pale pa kupanda, ikashuka pale pa kushuka. Mzee mmoja akatoa leso. Kina mama wakaguna kwa huruma.

Nimewahi kuona watu wakiiba sifa. Nimewahi kuibiwa hata sabuni ikiwa bado na povu. Sijapata kuona mtu akiiba dhambi.

Kimya alikuwa ameketi kando yangu. Nilingoja ainuke, aseme hata neno. Aliangalia sakafu tu, vidole vyake vikikunja pindo la sketi, vikikunjua, vikikunja.

"Asante, binti," Mchungaji akasema. "Mama, nyumbani mmeona nini?"

Nikasimama. "Mchungaji," nikasema, "naomba mumsikilize kwanza huyu mdogo. Nitawajibu wote pamoja."

Watu wakacheka kidogo. "Mama anataka kusimama mara moja tu, magoti hayo," mtu akasema nyuma. Mchungaji akakubali.

Kimya akaenda mbele. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Tuambie, binti. Umefikaje hapa?"

"Sina la kusema, Mchungaji."

"Hata dogo?"

"Nataka kubatizwa."

"Kwa nini unataka?"

Akanyamaza. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kusema na kilikuwa kimeshasemwa, tena vizuri, na mtu mwenye sauti. Angeweza kusema ni changu. Angemvua dada yake nguo mbele za watu. Basi akachagua kuukosa ubatizo. Mzee yule wa leso akamwambia kwa upole, "Labda bado, mwanangu. Kungoja si vibaya." Na Kimya akaitikia kwa kichwa, akageuka kurudi kukaa.

Redio alikuwa anarekebisha kitambaa chake cha kichwani.

Nikamtazama Fundi. Alijua yote, habari ya shati aliisikia kutoka kwa Kimya mwenyewe. Lakini aliambiwa kwa siri na hakuwa mtu wa kutoa siri. Alikuwa ananitazama mimi, mikono mapajani, anangoja. Hakunisaidia hata kwa kope. Siku ile nilimchukia kuliko siku ya pini.

Mama mwenzangu, wote wawili ni wangu. Nikinyamaza, mmoja anaingia majini na uongo na mwingine anabaki nchi kavu na ukweli wake. Nikisema, namwaibisha mtoto aliyenifanya niitwe mama. Hakuna wa kuniambia nifanye nini, na mchungaji alikuwa anafunga kitabu chake.

"Mmeniuliza nyumbani tumeona nini," nikasema. "Nyumbani tumeona shati. Aliyelichoma ni huyu aliyenyamaza. Na aliyekwenda kusema ni huyuhuyu. Huyu mkubwa hakuwepo."

Kisha mtu akacheka puani, na mzee wa pili, ambaye hajui kunong'ona, akasema, "Sasa jamani, hata hili la kugombea?"

"Mama," Redio akasema. Hilo tu.

Nilidhani Mchungaji atamfukuza. Akamwita karibu na meza. "Binti, habari ya shati tumeiacha. Sasa nakuuliza wewe. Unataka nini?"

Redio wangu, ambaye hajawahi kukosa neno, akasimama pale kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Alipokuja kusema, sauti haikupanda wala kushuka.

"Nataka asinipite."

"Nani?"

"Huyu. Kila nikimwona na lile gauni najiona kama nimevuliwa mimi. Nilidhani nikibatizwa naye nitaacha kuumia. Hata shati lake nimelionea wivu. Yeye alikosa, akaenda, akasamehewa, na sasa mnamwangalia kama ana kitu. Mimi nimeimba hapa miaka, hakuna aliyeniuliza kitu."

Hapo Fundi akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Hilo sasa ni lako, mwanangu. Hilo hukuliazima."

"Na Yesu hilo ndilo alilolijia," Mchungaji akasema. "La mdogo wako ameshalichukua. Ungeingia majini na la mwenzako, ungetoka na lako lote, limelowa tu."

Mtu mwingine angelia, watu wangesema haleluya, na mambo yakaisha. Redio hakulia. Aliniangalia mimi, si mchungaji, macho ambayo bado nayaona nikiwa nafua. Akatoka, na mlango akauacha wazi.

Kimya alitaka kumfuata. Mchungaji akamzuia. "Sema kwanza."

"Ni kama alivyosimulia," Kimya akasema. "Amesimulia vizuri kuliko mimi." Watu wakacheka, cheko la upole. "Ila mwisho amekosea. Amesema nilipokwenda kwa karani nikapata amani. Sikupata. Karani alinifokea mpaka majirani wakatoka. Amani ilikuja baadaye, nilipoelewa kwamba Yesu alilijua lile shati nikiwa bado nimelificha, na hakuniacha. Basi nataka niwe wake. Sijui kusema zaidi."

Mimi mama yake nilikuwa sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Niliyasikia pamoja na wageni, kutoka benchi la tatu.

Alibatizwa kwenye kisima cha ubatizo nyuma ya kanisa. Kwaya iliimba bila Redio, na pale mstari wa mbele palibaki pengo la mtu mmoja ambalo hakuna aliyethubutu kuliziba. Nilirudi nyumbani nikamkuta amelala ameelekea ukutani.

"Ameingia?"

"Ameingia."

"Maji yalikuwa ya baridi?"

"Alitetemeka sana."

"Vizuri," akasema.

Mpaka leo sijajua *vizuri* ile ilikuwa ya upande gani.

Kwa muda mrefu akawa anasema na watu wote isipokuwa mimi. Akitaka chumvi, anamwambia Kimya amwambie Mama. Nililia, sikatai. Kuna jioni nilitamani ningenyamaza siku ile, awe amebatizwa, tuwe tumepiga picha, mambo yaishe. Mama, wazo hilo litakujia. Litakuja na sura ya upendo. Lifukuze.

Kisha akaanza kwenda tena darasani kwa Fundi, bila kumwambia mtu. Fundi safari hii akaja dirishani akilalamika kwa namna nyingine. "Binti yako ameacha kujibu. Sasa anauliza. Jana kaniuliza kama mtu anaweza kumpenda Mungu na kumwonea wivu nduguye kwa wakati mmoja. Nimemwambia nitafikiri. Nimefikiri mpaka nimeshona mkono wa gauni upande usio wake."

Tarehe nyingine ya ubatizo ikatangazwa. Kina mama wakaanza, "Na yule mkubwa lini? Atazeekea darasani huyo." Nikaona watoto wa wenzangu wanapimwa, roho ikaniuma, nikasahau yote niliyoyaona. Nikamwendea Redio akiwa anachana nywele bandia.

"Tukuandikishe tarehe hii?"

"Bado, Mama."

"Mpaka lini?"

"Nikimwangalia Kimya bado naumia. Si kama zamani, lakini naumia. Namwambia Mungu hivyohivyo, naumia. Siku nikienda nataka niende kwa sababu ya yeye Yesu. Nisiende kwa sababu yako wala ya Kimya."

"Na tarehe ikipita?"

"Itakuwa imepita."

Nilikaa chini nikamshikia kitana.

Basi ndivyo tulivyo mpaka naandika haya. Mdogo amebatizwa, mkubwa bado. Usimuulize mtoto kama anataka kubatizwa. Atakwambia anataka, hasa mwenzake akiwa anasikia. Muulize anataka kwa ajili ya nini. Akikujibu vizuri mno, muulize tena.

Wiki hii amekuja mama mmoja wa mtaani na magauni mawili meupe, nimpigie pasi. Binti zake, anataka wabatizwe siku moja, ili shughuli iwe moja. Nikamuuliza kama wote wawili wanataka. Akasema mmoja anataka, huyu mwingine akimwona mwenzake atataka. Nikapokea gauni moja. Lile la pili nikamrudishia mkononi, nikamwambia aende nalo nyumbani akamuulize mwenyewe. Amekasirika, ameniambia mimi ni dobi, si mchungaji. Ameondoka nalo amelishika kwa vidole viwili lisikunjamane.